Kuchonga meli za anga kwa mkono kwa ajili ya mchezo wa mezani: kingo zote zinatoka butu

dadu_sita (Sinza, Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu.

Sisi ni watu wanne, Jumamosi jioni tunacheza Full Thrust kwenye meza ya kulia chakula ya dada yangu, siku anazokuwa zamu ya usiku. Kwa wasioujua, ni mchezo wa vita vya meli za anga wa kampuni ya Ground Zero Games ya Uingereza, na kanuni zake unazipakua bure. Kila mchezaji anaandika amri za meli zake kwa siri, meli zote zinasogezwa kwa pamoja, ndipo mnaanza kurushiana dadu. Mwelekeo wa meli ndio kila kitu, maana silaha inapiga upande wake tu. Sasa meli zetu ni vizibo vya soda. Kizibo hakina mbele wala nyuma. Tumechora mishale kwa maka peni, na kila raundi lazima uzuke ugomvi: mshale ulikuwa unatazama friji au unatazama dirisha?

Kuagiza meli zenyewe za chuma kutoka huko kwao nimepiga hesabu, nauli na ushuru vinanimaliza kabla mzigo haujapanda ndege. Nikasema nichonge mwenyewe. Nimetumia ile puti ya mafundi bomba, ya kijiti, unakata kipande unakanda mpaka rangi inakuwa moja. Lengo ni manowari moja ya sentimita sita hivi, na meli ndogo sita za kusindikiza, zote zifanane.

Shida ni hii. Nabonyeza upande mmoja kwa rula napata ukingo, nikigeuza kubonyeza upande wa pili, ule wa kwanza umeshaumuka. Mabawa yananing'inia kabla hayajakauka. Mistari ya mabamba nachora kwa sindano, inatoka imechanika pembeni. Nikimaliza nikiiangalia ni kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika wiki nzima.

Tatizo ni puti, ni vifaa, au ni mkono wangu? Na hizo sita za kufanana nazitoaje? Natanguliza shukrani.

mlingoti254 (Nairobi)

Bro, pole na hiyo kazi, lakini mbona ujisumbue? Chora kwa kompyuta. Programu ya Blender ni ya bure, na meli ya anga ni maboksi na pembe tu, hakuna kitu rahisi kuchora kama hiyo. Wewe unachora kushoto, kulia inajichora yenyewe. Halafu tafuta mtu mwenye printa ya rezini, ile inagandisha rezini kwa mwanga tabaka kwa tabaka, tabaka moja milimita 0.05. Ukingo unatoka mkali hadi unajiuliza kama utakukata. Ukitaka sita unapanga sita kwa sahani moja ya printa.

Kitu cha kuchunga: rezini mbichi usiguse bila glavu, inawasha, na ukiendelea kuigusa mwili unaikataa kabisa, inakuwa aleji ya maisha. Na usilaze meli bapa kwa sahani. Iinamishe kidogo, la sivyo sehemu yenye mteremko mdogo itatoka na ngazi ngazi utakuja kusugua wiki nzima.

nta_na_plasta (Tanga)

Mwanangu dadu_sita, mkono wako hauna shida. Unafinyanga kitu ambacho hakifinyangwi.

Mimi niko maabara ya meno hapa Tanga, natengeneza meno ya bandia. Kitindamimba wangu ndiye aliyeniletea habari za hizi meli. Mchezo wenyewe sijaupenda hata leo, dadu zinanikera, mtu anapanga mambo yake vizuri halafu kijiwe kinaamua. Lakini kuchonga kitu cha sentimita tano ambacho kushoto na kulia vifanane, hiyo ndiyo riziki yangu.

Kijana wa Nairobi hajakosea. Mwenye printa achape. Wewe umeuliza kuchonga, na mimi najibu kuchonga.

Sanamu ya mtu unaifinyanga kwa sababu mtu ana nyama na nguo ina mikunjo. Meli ni mabamba. Ukingo wa bamba hauupati kwa kubonyeza puti mbichi, unaupata pale nyuso mbili ngumu zinapokutana baada ya kukatwa. Kwa hiyo unajaza, unaacha igande kabisa, ndipo unakata. Hiyo puti ya bomba inaanza kugoma ndani ya dakika chache, na kwa joto la Dar la mwezi wa pili ni chache zaidi, ndiyo maana umekuwa ukikimbizana nayo. Acha ishinde. Ikishaganda inapigwa tupa, inatoboka, inashika pembe. Ni puti nzuri kuliko unavyoidhania, ila wewe umeitaka ikiwa mbichi na yenyewe uzuri wake uko kwenye ukavu.

Utasoma mahali pengi kuhusu ile puti ya kijani ya wachonga sanamu, inayouzwa utepe wa buluu na wa njano unaukanda pamoja. Usiiagizie nauli kwa ajili ya meli. Hata ikikauka inabaki na kaunyumbufu, ukiipiga msasa inatoa nyuzi nyuzi. Kwa sura ya mtu ni dawa. Ukipata mtu anakuja kutoka Uingereza mwambie akuletee puti ya Milliput, inatengenezwa Wales, unailainisha kwa kidole chenye maji, ndani ya saa tatu au nne hivi imeganda, na msasa inaupenda. Wengine huchanganya hizo mbili nusu kwa nusu. Ila puti ya bomba itakufikisha.

Chora meli yako kwenye karatasi ya grafu, mara moja ikitazamwa kutoka juu, mara moja ikitazamwa ubavuni. Tafuta kadi ngumu za plastiki, yale mabaki ukishachomoa laini ya simu, au kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Unene wa kadi ya benki ni milimita 0.76, iwe ya Tanga au ya Tokyo, kwa hiyo ni kipimo unachoweza kukitegemea. Umbo la juu likate kwenye kadi moja, la ubavuni kwenye nyingine. Piga mkato wa nusu kwa kila moja, zichomeke zikatane msalaba, tone la supaglu, umepata mifupa. Sasa jaza puti kwenye zile pembe nne, ipite kingo za kadi kidogo. Iweke juu ya kabati. Usiiguseguse.

Kesho yake chukua tupa bapa, ulaze meli ukingoni mwa meza, uanze kusugua kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka puani kwenda mkiani. Puti ni ya kijivu, kadi ni nyeupe. Mwanzoni ni vumbi la kijivu tupu. Kisha utaona kidoa cheupe karibu na pua, kingine katikati, na ukiendelea taratibu vile vidoa vinaungana kuwa uzi mmoja mweupe juu, na mwingine ubavuni. Hapo simama. Uzi ukianza kuwa utepe, umeanza kula mifupa. Uso uliopo kati ya nyuzi hizo mbili hauwezi kutoka butu, kwa sababu tupa imelala juu ya kadi mbili, haina pa kuzama. Geuza, fanya upande wa pili. Kushoto na kulia vitafanana bila wewe kukadiria kwa jicho, maana kadi ndiyo iliyopima.

Halafu msasa. Hapa ndipo vijana wengi mnapoiharibu kazi iliyokwisha kuwa nzuri. Msasa ukiushika kwa kidole, kidole ni laini, ukifika ukingoni unapinda, na ukingo unaondoka nao. Bandika msasa juu ya kipande cha kigae au kioo, namba 240, kisha 400, mwisho 800, tia maji, na uisogeze meli juu yake. Msasa utulie, meli iende. Maji yanasaidia pia vumbi lisikuingie kifuani. Vumbi la puti iliyoganda si la kuvuta, na barakoa ni bei ya maandazi.

Mabawa usiyatoe kwenye puti hata siku moja. Mabawa ni kadi. Unakuna mstari kwa wembe mara mbili tatu ukifuata rula ya chuma, unakunja, linavunjika palepale kwenye mstari, limenyooka kuliko ambavyo ungekata. Makasha ya CD nayo ni plastiki nzuri, tatizo yanapasuka ovyo. Vikombe vya mtindi angalia chini kwenye pembetatu. Namba 6 ni polistairini, inakunika na kuvunjika vizuri na gundi inaikamata. Namba 5 achana nayo, gundi yoyote utakayoweka itabanduka kama haijawahi kuwekwa.

Sasa kabla hujagusa mstari wa bamba hata mmoja, iweke meli sakafuni, simama wima, itazame. Hivyo ndivyo itakavyoonwa maisha yake yote, kutoka juu na kwa mbali kidogo. Nyie wanne hamtapiga magoti kutazama tumbo la meli. Kwa hiyo kivuli chake kutoka juu ndicho kinachosema hii ni manowari, ile ni ya kusindikiza, na pua iko huku. Kama kivuli hakisemi, mistari mia ya mabamba haitakisemea. Chukua rangi nyeusi umwagie yote, bado pua ijulikane. Mimi nilipotaka maumbo nilikwenda kukaa ufukweni asubuhi wavuvi wanaporudi. Ngalawa na mirengu yake miwili, zile mbao za pembeni zinazoizuia kupinduka, ukiitazama kutoka gatini juu, huwezi kuichanganya na mtumbwi wala jahazi hata ukiwa umefumba jicho moja. Meli za mwanangu zote za kikosi kimoja zina mirengu. Za adui hazina.

Na tumbo lifanye bapa. Nitakuja kukuambia kwa nini ukifika kwenye kutoa nakala.

Mistari ya mabamba: fanya hesabu kidogo. Tuseme manowari yako ya sentimita 6 inawakilisha meli ya mita 300. Hiyo ni moja kwa 5,000. Mstari wa milimita 0.3, ambao ndio mwembamba unaoweza kuishi baada ya rangi, kwenye meli halisi ni ufa wa mita moja na nusu. Dirisha ulilotoboa kwa keekee ya milimita 1 ni tundu la mita tano. Ghorofa nzima ya mita tatu ni milimita 0.6. Ukiona meli imechorwa mistari kila mahali, jicho linapunguza ukubwa wake papo hapo, inakuwa kitu cha kuchezea bafuni. Chora michache, iweke sehemu moja, kwa mfano nyuma karibu na mitambo, na uache sehemu kubwa iwe tupu. Utupu ndio unaoikuza meli. Na uchore kwenye puti kavu, kwa kukwaruza na ncha ya sindano iliyovunjwa ukifuata rula, siyo mbichi. Mbichi inasukumwa pembeni, ndiyo hiyo michaniko unayoiona. Kavu inatoka vumbi.

Vikorokoro vya juu usivichonge. Mafundi wa sinema za anga wa miaka ya 1970 walikuwa wanabandika vipande vya modeli za vifaru na manowari zinazouzwa madukani. Wewe nenda kwa fundi simu umwombe ubao mbovu. Vile vifuniko vya bati vya ndani, soketi za waya, safu za meno ya kuchajia, vyote ni mitambo tayari. Bomba la injini: ncha ya shaba ya peni ya wino, ile koni, igeuze kichwa chini. Antena usiweke kabisa. Itavunjwa na mtu anayetafuta dadu yake.

Kifaa kimoja tu ukinunue, ukipita maduka ya vifaa vya meno Kariakoo au popote: kisu cha nta kiitwacho LeCron. Upande mmoja ubapa mwembamba, upande mwingine kijiko kidogo. Wachonga sanamu wa dunia nzima walituibia sisi hicho, na sijawalaumu.

dadu_sita

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili, leo nimeamka na msalaba wa kadi za laini mezani. Ule uzi mweupe nimeuona kwa macho yangu, nimepiga kelele mpaka dada akaja.

Sasa nakala. Kuna rafiki alininunulia mtandaoni silikoni ya sehemu mbili ya kutengenezea kalibu, yaani umbo la kumiminia nakala, ya kuchanganya kwa vipimo sawa. Nimejenga boksi la kadibodi, nikalaza meli ndogo ya kwanza kwenye udongo wa kuchezea wa watoto, nikavaa glavu kama mlivyosema, nikamimina. Juu imeganda vizuri kabisa. Chini ilipogusa udongo, na sehemu nilizoshika shika, ni ute. Siku ya tatu bado inanata. Muuzaji anasema nimekosea vipimo. Nilipima kwa sirinji.

nta_na_plasta

Marahaba mwanangu. Vipimo vyako viko sawa. Waliokuangusha ni udongo na glavu.

Silikoni za kumimina ziko familia mbili. Moja inagandishwa na platinamu, na mara nyingi ndiyo hiyo ya vipimo sawa. Ni sahihi sana, haisinyai, lakini ina adui: salfa. Udongo mwingi wa kuchezea na wa kufinyangia una salfa. Glavu za mpira asilia nazo zina salfa. Kwetu hili ni somo la wiki ya kwanza. Ukikanda silikoni ya kuchukulia alama za meno ukiwa na glavu za mpira, haigandi, daktari anamtoa mgonjwa mdomoni ute. Tumia glavu za naitraili, zile za buluu mara nyingi, au mikono mitupu iliyooshwa. Na kwa mlingoti254: meli zilizochapwa kwa rezini ya mwanga nazo zinaikataa silikoni hii kama hazijaoshwa na kukaushwa sawasawa, kwa hiyo mwenye printa hajakwepa somo.

Familia ya pili inagandishwa na bati, huwa unatia kichocheo kidogo tu kwenye silikoni nyingi. Hiyo haijali salfa. Inasinyaa kidogo kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo ukishatengeneza kalibu, toa nakala zako mapema, usiiweke kabatini mpaka Krismasi.

Ute ulio juu ya meli upanguse kwa spiriti na mswaki laini, meli haijafa.

Sasa lile tumbo bapa. Kama tumbo ni bapa na ubavu unapanuka kuelekea chini, au angalau hakuna mahali panapoingia ndani halafu panatoka tena, huhitaji kalibu ya vipande viwili. Kipande kimoja kinatosha, kimefunguka juu. Meli unailaza tumbo chini kwenye kigae, unaibandika kwa gundi ya karatasi ili isielee, unazungushia ukuta, unamimina. Ikiganda unageuza, unatoa meli, unabaki na shimo lenye umbo lake, tumbo likiwa ndio mdomo. Hakuna mstari wa maungio wa kusugua, hakuna njia ya kumiminia ya kukata. Mimina silikoni kwa uzi mwembamba kutoka juu, kwenye kona moja tu ya boksi, iache itambae yenyewe mpaka ifunike meli. Ukiimwagia juu ya meli unafungia hewa kwenye kona zote ulizozihangaikia.

Maabara nyingi za meno zina silikoni ya kukanda, nzito, unaifinyanga na kichocheo cha bomba kisha unaikandamiza juu ya kitu. Dakika chache imeganda. Kwa meli za kusindikiza za sentimita tatu hiyo inatosha kabisa na haihitaji hata boksi. Kamuulize fundi wa maabara iliyo karibu nawe akuuzie kipande, mwambie shida yako, sisi watu wa maabara tunakaa peke yetu siku nzima, tunapenda kuulizwa.

Cha kumimina ndani. Rezini ya poliyurethani ndiyo wanayotumia huko nje, dakika kumi meli imetoka. Huku pwani ina tabia. Ikikutana na unyevu inatoa kaboni dioksidi, meli inatoka imejaa vitundu. Chupa ukishaifungua usiiache wazi hata dakika, usimimine siku ya mvua, kopo na kijiti viwe vikavu. Epoksi ni mpole zaidi kwa unyevu lakini itakuweka mpaka kesho.

Mimi natumia nilicho nacho, akriliki ya meno inayojigandisha yenyewe, poda sehemu tatu kwa kimiminika sehemu moja. Ikiwa bado inatiririka naimimina, kalibu naiingiza kwenye chungu cha presha chenye maji ya uvuguvugu, mapovu yanabanwa yanapotea. Inasinyaa, ujazo unapungua kama asilimia 7, lakini zote sita zinasinyaa sawa kwa hiyo hakuna atakayejua. Kasoro yake ni kwamba akriliki ya meno tunaiagiza ikiwa na rangi ya ufizi. Kikosi kizima kinatoka cha waridi, kina mishipa midogo midogo myekundu. Praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza, inafunika. Mwanangu alikataa kupaka rangi meli moja, akaiita Ufizi, na ndiyo inayomshindia. Kile kimiminika harufu yake ni kali na mvuke wake si mzuri, fungua madirisha, usikishike kwa mkono, usikiweke karibu na jiko.

pwani_leicester (Leicester, Uingereza)

Nimefurahi kukuta mazungumzo haya kwa lugha yetu. Asili yangu Mombasa, huku nacheza kila mwezi kwenye ukumbi wa kanisa na wazee wa Kiingereza wenye masanduku ya meli za tangu miaka ya 1980.

Naongeza jambo moja tu, kuhusu chuma, kwa sababu najua mtu atauliza. Meli za dukani zinamiminwa kwa aloi ya bati kwenye kalibu ya mpira unaozungushwa kwa kasi, ule mzunguko ndio unaosukuma chuma mpaka kwenye ncha. Kalibu hiyo inaivishwa kwenye mashine kwa mgandamizo na joto la nyuzi 150 hivi. Meli ya kadi za plastiki kama ya dadu_sita ikiingia humo inatoka chapati, maana plastiki za namna hiyo zinalegea kwenye nyuzi kama 100 au hata chini yake. Ndiyo maana mafundi wa huku wanaotumia plastiki hutoa kwanza nakala ya rezini inayovumilia joto kwa silikoni ya kawaida, na nakala hiyo ndiyo inayoingia mashineni. Hivyo usidanganywe na mtu atakayekwambia umpe meli yako halisi "akakutolee za chuma". Mpe nakala.

Na tafadhali msiyeyushe betri za gari wala vyubwi vya mishipi jikoni. Ile ni risasi, na moshi na vumbi lake vinakaa mwilini, watoto ndio wanaoathirika zaidi. Bati lenyewe linayeyuka kwenye nyuzi 232, hilo unaweza kulifanya kwenye jiko la nje kwa silikoni inayovumilia joto, ila kalibu iwe kavu kabisa. Tone moja la maji chini ya chuma kilichoyeyuka linageuka mvuke na kukirusha chote usoni.

Meli za watu wengine msitoe nakala. Kampuni nyingi za hizi meli ni mtu mmoja na mkewe na gereji.

dadu_sita

Nimewaelewa wote. Bati naliacha, kwanza dada angenifukuza. Silikoni ya kukanda nimepata kwa fundi mmoja wa maabara Magomeni, kweli alifurahi kuulizwa, kanipa na chai. Meli mbili za kusindikiza zimeshatoka, za waridi.

Swali la mwisho mama: tundu la kijiti cha kusimamishia nitoboe wapi? Ya kwanza nimetoboa katikati kwa rula, inainamia mkiani.

nta_na_plasta

Katikati ya rula si katikati ya uzito. Mkia una mitambo, ni mnene, kwa hiyo tundu linasogea nyuma. Laza meli juu ya penseli, isogeze mbele na nyuma mpaka itulie bila kuegemea, weka alama hapo. Fanya hivyo kwa nakala iliyomiminwa, siyo kwa meli ya asili, maana ya asili ina kadi na puti na uzito wake umekaa tofauti. Kisha rudi kwenye meli ya asili, chora kidoa kidogo tumboni sehemu hiyo hiyo na ukitie shimo la kina kama milimita 1. Kalibu yako ifanye upya, hilo shimo litageuka kinundu... hapana, tumbo ndio mdomo wa kalibu yako, shimo halitachukuliwa. Basi kata kadi yenye umbo la tumbo, itoboe mahali pa alama, uwe unailaza juu ya kila nakala na kutoboa kwa kuifuata. Zote zitalingana.

Keekee ya milimita 3, zungusha kwa vidole, akriliki ikipata moto wa mashine inayeyuka na kung'ang'ania. Kijiti cha mshikaki kinaingia humo kwa kubana, bila gundi, ili meli ichomoke mkizifunga kwenye boksi. Chini yake weka washa ya chuma ya bolti kubwa, unene wowote utakaopata, na ukwaruze alama ya pua kwenye washa yenyewe. Mwanangu na wenzake wanapima umbali kutoka kwenye kijiti, wanasoma mwelekeo kutoka kwenye washa, na tangu hapo sijasikia wakigombana isipokuwa kuhusu dadu iliyoanguka chini ya kochi.